Kijiti Kilichokataa Kukauka

Kule Kotile nilikozaliwa, ng'ombe akifiwa na ndama hatangaziwi msiba. Ndama anachunwa, ngozi inajazwa majani makavu, inashonwa, na kila jioni inawekwa mbele ya mama yake ailambe. Asipolamba, maziwa hayashuki. Ayeyo, ndiye nyanya yangu, alikuwa hodari wa kushona ndama wa namna hiyo. Mimi nilimvutia uzi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa. Akimaliza kushona alipaka ngozi maji ya chumvi. Mchana kile kindama kilifichwa ndani ya nyumba mbwa wasikipate, karibu na mahali pangu pa kulala, kikinitazama kwa matundu ya macho. Nilikiogopa kuliko fisi. Fisi ukimpigia kelele anaondoka.

Siku moja nilimuuliza Ayeyo, "Kwani huyu ng'ombe hajui kwamba ni majani?"

Akasema, "Anajua. Maziwa ndiyo hayajui."

Baadaye ukaja ukame ukala ng'ombe wote, wenye ndama na wasio na ndama, na Ayeyo naye akatangulia mbele ya haki. Mimi nikafuata njia ya Garissa kama wengine walioishiwa. Shule niliiacha darasa la pili na dugsi, yaani chuo cha Kurani, niliiacha katikati, kwa hiyo ofisi haikuwa yangu. Nilichokuwa nacho ni vidole vilivyovuta uzi kwenye ngozi kavu tangu utotoni. Seremala mmoja Mkamba alivitazama vidole hivyo jinsi mtu anavyotazama meno ya ngamia kabla ya kununua, akaniambia nishike randa. Nikashika. Alipozeeka akarudi kwao Kitui, akaniachia meza, misumeno miwili na baraza inayotazama barabara.

Nilitengeneza vitanda, milango, na viti vya kunywea chai. Jeneza nililitengeneza mara moja tu, la msikiti. Watu wa Nairobi wakisikia mimi ni seremala wanadhani wafu ndio wanaonilisha. Sisi Waislamu jeneza ni moja mtaa mzima, linakwenda na mtu na linarudi bila mtu. Seremala anayetegemea jeneza Garissa atakufa yeye kwanza.

Basi miaka ya tisini ikaingia, vita vya Somalia vikavuka mpaka vikiwa miguuni mwa watu. Mji ulijaa, vitanda vilinunuliwa rangi haijakauka. Ni katika vurugu hizo fundi mmoja alipokuja kwenye baraza yangu.

Alishuka asubuhi kwenye lori lililopeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Ifo na kurudi tupu. Mzee mdogo wa umbo, ndevu zimepakwa hina, gunia begani. Mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Watu wa Barawa wana Kiswahili chao cha tangu na tangu, kisu wanakiita chisu. Mimi Msomali wa malishoni, Kiswahili changu nilikiokota kwa Mkamba na kwa madereva, na huku kwetu herufi p inatushinda, inageuka b. Tulielewana vizuri, lakini nadhani kila mmoja alimcheka mwenzake kimoyomoyo.

"Sitaki kazi," alisema. "Nataka kivuli cha kuweka keezo."

"Unakereza nini?"

"Kalamu."

Nikacheka. "Fundi, hapa watu wanataka mahali pa kulala. Kalamu ziko dukani, zimejaa mkebe mzima."

"Za dukani hazitoki Barawa," akasema, akaweka gunia chini kama mtu aliyekwisha kukubaliwa.

Keezo yake aliijenga mwenyewe kwa mabaki yangu. Vigingi viwili vifupi, ncha mbili za misumari zikielekeana, kijiti kinashikwa katikati. Mkono wa kulia unavuta upinde wenye uzi uliozungushwa kwenye kijiti, kijiti kinazunguka mbele na nyuma. Mkono wa kushoto unashika patasi, na patasi hiyo inaongozwa na kidole gumba cha mguu. Watu walikuja kutazama mguu. Patasi zenyewe alizifua kwa misumari mikubwa na spoku za pikipiki, kwa sababu zake za asili hakuwa nazo. Hilo nitalieleza.

Siku ile baada ya sala ya alasiri alitandika gunia barazani akamimina vilivyomo. Mimi nilitarajia mbao. Vilitoka vipande vidogo, kirefu kuliko vyote hakikuzidi kiganja changu, na karibu kila kimoja ncha yake ilikuwa nyeusi kwa moto. Akavipanga safu mbili, katikati akaacha njia nyembamba. Sikuelewa. Niliona mzee anayecheza na kuni.

"Huu mpingo," alisema, "ni fimbo ya khatibu wetu. Huu msaji ni kizingiti cha jirani, mshona kofia. Huu mwekundu wenye mistari myeusi ulikuwa kaunta ya duka la Mhindi, mti wa kwao huko Bara Hindi, hapa huwezi kuupata. Huu sandali ni pembe ya sanduku la nguo la mama yangu. Nusa."

Nikanusa. Mpaka leo sijui niseme ulinukia nini. Ulinukia chumba cha mtu mwingine.

Ndipo nikaelewa kwamba zile safu mbili ni mtaa. Wenye bunduki walipopita Barawa walichukua walichochukua, na vilivyobaki walivipikia chakula, milango, masanduku, vitanda. Walipoondoka, mzee alirudi peke yake na gunia, akapita nyumba hadi nyumba akiokota kile ambacho moto haukumaliza. Kila kipande alikiweka mahali nyumba yake ilipokuwa. Msikiti huku mwanzo, duka la Mhindi likiangaliana nao, kwao mwisho kabisa mkono wa kushoto.

Na kazi yake ilianzia hapo, katika kuchagua. Nimefanya useremala miaka mingi, sijaona mtu anachagua namna ile. Kwa sababu kipande ni kidogo, kosa hulipi kwa kipande kingine. Kalamu inatobolewa kwa keekee kutoka ncha zote mbili, matundu yakutane katikati, ndani yake uingie mrija wa wino uliochomolewa kwenye biro ya dukani. Matundu yasipokutana, fimbo ya khatibu imekwisha. Kwa hiyo alikaa. Analowesha kipande kwa ulimi aone mistari. Anakigonga kwenye jino, anasikiliza. Anakichora kwa mkaa, anafuta, anachora tena. Kilichonyooka mishipa yake kitakuwa kalamu nyembamba ya mtu anayeandika mengi. Chenye fundo kitakuwa nene, ya mzee ambaye mkono unatetemeka. Mpingo ni mzito, huo ampe mtu anayeandika jina lake tu. Vifupi viwili aliviunganisha kwa pete ya mfupa wa ngamia. Chenye ufa alikifunga waya wa shaba, akasema ufa si ugonjwa, ni umri. Kuna siku alichagua tangu alasiri hadi magharibi, na hakukata hata kimoja, akarudisha vyote guniani akaenda kuswali akiwa ametosheka.

Wanunuzi walikuja. Wafanyakazi wa misaada waliokuwa wakipanda na kushuka njia ya Dadaab walipenda kalamu zile kuliko nilivyofikiri. Daktari mmoja mwanamke, mgeni kutoka mbali, alitaka mpingo. Fundi akamtazama akiandika kidogo kwenye mkono wake, akampa ya kaunta ya Mhindi. Yule mama hakujua kwamba anaondoka na duka mfukoni.

Kalamu ikiuzwa, kesho yake fundi anapanga mtaa wake kama kawaida, na mahali pa kile kipande anapaacha wazi. Hasogezi vingine vizibe. Mtaa ukawa unatoboka. Mimi si mtu wa majini, nasema wazi, kisomo cha majini nilikuwa nakicheka tangu Kotile. Lakini nilianza kuziogopa zile nafasi. Nilikuwa nikipita na kitanda kichwani nauzunguka ule mtaa, siukanyagi. Wateja wangu wakauliza mbona nawapitisha upande wa jua. Na kuna wakati fundi alikuwa akipanga, akasimamisha mkono mbele ya nafasi tupu ya mshona kofia, akasema polepole, "Wa alaykumu salaam." Hakuna mtu aliyekuwa ametoa salamu. Nilitazama barabarani. Palikuwa na korongo mmoja tu juu ya bohari, wale wenye upara.

Mchana mwingine fundi yuko msikitini, nikasikia upinde wa keezo unalia. Nilikuwa napiga msasa, nikaacha. Ukalia tena, mbele na nyuma. Upinde ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, na hapakuwa na upepo, mnajua Garissa saa saba mchana ilivyo. Sikumwambia. Nilimaliza kitanda kile nikiwa nimekipa mgongo.

Sasa nije kwenye kijiti chenyewe.

Mwisho wa mtaa, mkono wa kushoto, mahali pa nyumba yake fundi, palikaa kipande kimoja kisichokuwa na weusi wa moto. Rangi yake ni katikati ya asali na damu. Mti wa ng'ambo ambao yeye mwenyewe, aliyejua miti yote, hakuujua jina. Kila alasiri alikiweka cha kwanza na kukirudisha guniani cha mwisho, na kila mteja aliyekitaka alijibiwa, "Bado hakijakauka."

Habari zake nilizipata kwa mkwe wake. Alikuwa binti wa Kisomali, ameolewa na mtoto pekee wa fundi, na ndiye aliyekuja na mzee kutoka Ifo. Asubuhi aliuza mikate ya anjera sokoni, adhuhuri alimletea mzee chakula barazani. Alimwita adeer, jinsi tunavyomwita baba mdogo. Siku moja mzee akiwa ameenda kununua biro, nilimuuliza kile kijiti kina nini.

"Ni cha mume wangu," alisema. "Alikuwa akipakua mizigo bandarini. Mashine moja ilikuja imefungwa kwa mbao za mti huo, akamletea baba yake kipande. Akasema, nikerezee kalamu, sheikh aandike ndoa yangu kwa hiyo."

"Na hakukereza?"

"Alisema mti ni mbichi, ukikerezwa utapasuka. Ndoa ikaandikwa kwa biro ya sheikh mwenyewe. Ilikuwa inavuja." Akacheka kidogo, akaacha. "Mwaka huohuo tukakimbia. Tulikuwa tumeshatoka nje ya mji, adeer akasema, patasi zangu. Basi. Maneno mawili. Mume wangu akageuka kwenda kuzichukua."

"Mzee alimtuma?"

"Hakumtuma. Hakumzuia pia. Yeye mwenyewe ndivyo anavyosema."

Mume hakuonekana tena. Mzee aliporudi na gunia hakumkuta, wala mwili, wala patasi.

Binti alikuwa amengoja miaka minne. Kwa mafundisho yetu mwanamke ambaye mumewe amepotea, haijulikani yu hai au amekufa, akishangoja miaka minne anaweza kwenda kwa kadhi, mume ahesabiwe ametangulia, akae edda, kisha awe huru kuolewa. Alikuwa amepata mtu, mfanyakazi wa bohari, mtu wa heshima. Kadhi wa Garissa alimwambia, sawa, lakini baba wa mume yuko hapa mjini, yuko hai. Mlete aseme mbele yangu kwamba hana habari ya mwanawe. Sitaki kesho mzee asimame sokoni aseme kadhi amemuua mtoto wake kwa wino.

Na mzee hakwenda. Hakukataa, hakukasirika. Kila wiki binti anamwekea sahani, anakaa kando amejifunika mdomo kwa shungi, anauliza, "Adeer, kile kijiti kimekauka?"

"Bado, binti yangu. Kina unyevu ndani."

Wote wawili walijua anauliza nini. Nami nilijua, na muuza chai wa kando yetu alijua. Garissa, ambako nguo unaianika upande huu kabla hujafika upande ule ya kwanza imekauka, kipande cha mti kisichozidi kidole kilikuwa na unyevu miaka minne. Binti alikunja uso mara moja tu, akasema, "Basi mimi ndiye nitakauka," akachukua sahani akaenda. Mzee alibaki amekishika kile kijiti sikioni.

Kuna mfanyabiashara wa mifugo, anatoa ng'ombe Hulugho kuwaleta mnadani, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabebea. Alikitaka kijiti hicho kwa kalamu ya mwanawe aliyekuwa akienda kusoma Nairobi. Alikuja na mbuzi dume amefungwa kamba.

"Mzee, chukua mbuzi, nipe hicho."

"Bado hakijakauka."

"Walaahi, mzee, hapa hata mate yanakauka mdomoni. Mimi mwenyewe nilikuja hapa mnene, angalia nilivyobaki."

Muuza chai akamdakia, "Wewe hukukauka, umehamia tumboni."

Watu wakacheka. Mfanyabiashara naye akacheka, lakini akainama juu ya gunia, akataka kukiokota mwenyewe. Fundi akaweka mguu, ule mguu wake wa kazi, polepole juu ya mkono wa yule mtu.

"Hapo kuna watu," akasema.

Yule mtu alitazama gunia. Sijui aliona nini. Alivuta mkono wake, akavuta mbuzi wake, na alipofika barabarani akaugusa ule mkono kwa mwingine kama mtu aliyeutia kwenye maji baridi.

Kufikia hapo mtaa wa gunia ulikuwa umebaki nyumba chache. Khatibu alikwisha kwenda Mombasa kwenye mfuko wa dereva. Msaji wa mshona kofia ulikwenda na mwalimu. Kilibaki sandali, ambacho hakutaka kukichagulia kalamu kwa sababu hakujua mtu wa kukishika, kikabaki kijiti cha mwanawe, na vipande viwili vya nyumba ambazo hakuwahi kunitajia.

Ijumaa, kabla ya sala, muuza chai alikuwa na desturi ya kufagia baraza zetu zote mbili na kufukiza ubani, kama wanawake wetu wanavyofukiza nyumba ikishakuwa safi. Fundi alikuwa chini ya bomba anatawadha. Muuza chai alifagia maranda chini ya keezo, akakuta kipande kimedondoka kando ya gunia, akakinusa. Mwanamke yeyote wa kwetu angefanya alichofanya. Kitu kinachonukia vile, kiko sakafuni, ni Ijumaa, makaa yapo. Akakipasua kwa kisu, akakiweka kwenye chetezo.

Moshi ukapanda. Mimi niliusikia nikiwa ndani, nikajua mara moja, ni kile chumba cha mtu mwingine. Nilipotoka nje, binti amefika na sahani ya chakula, amesimama. Fundi anatoka bombani, maji yanachuruzika kwenye ndevu, amesimama pia, macho yake hayatuoni.

Akauliza, "Nani amefungua sanduku la mama?"

Nilihisi nywele za mikono yangu zinainuka, na bado zinainuka ninaposimulia.

"Nauliza nani amelifungua. Ni Idi leo?"

Muuza chai alikuwa ameanza kuelewa. "Bole, adeer," alisema, ile p yake ikamtoka kama kawaida. "Mimi nilidhani ni ubani. Kilikuwa chini. Nakizima sasa hivi."

"Adeer," binti akasema, "hapa hakuna sanduku. Ni chetezo."

Mzee akatazama chetezo. Akarudi, jinsi mtu anavyorudi kutoka njia ndefu, kwanza macho, halafu mabega. Muuza chai alikuwa amekwisha kushika kibao cha kufunika makaa.

"Acha," mzee akasema. "Kimeshaanza, acha kimalize."

Akakaa chini pale sakafuni, nasi tukakaa, kwa sababu ilionekana vibaya kusimama. Wapita njia walipunguza mwendo, wakanusa, wakaendelea. Mwadhini aliadhini, hatukuinuka. Moshi ulikuwa mwembamba, unakwenda moja kwa moja juu, kisha ukawa uzi, kisha ukawa hakuna, na harufu ikakaa kidogo baada ya moshi. Halafu nayo ikaondoka, ikabaki harufu ya Garissa, vumbi na mbuzi.

Mzee alivuta pumzi puani mara mbili, akitafuta. Hakupata.

Akanyoosha mkono kwenye gunia akachukua kijiti cha mwanawe. Hakukilowesha kwa ulimi, hakukigonga kwenye jino. Alikishika tu.

"Kimekauka," akasema.

Binti aliweka sahani chini. Akajifunika uso wote, akalia, na sijui alikuwa analilia lipi.

Jumamosi alikikereza. Nilidhani atachagua muda mrefu, mchoro baada ya mchoro. Hakuchora kitu. Alisema ni kalamu ya ndoa, haina maswali. Nyembamba, bila pete, bila mapambo. Alitoboa kwa keekee upande huu, akageuza, akatoboa upande ule, nami nilikuwa nimeacha kazi yangu nikitazama, maana kingepasuka hapo kisingekuwepo kingine. Matundu yakakutana. Upinde ukaanza kulia, mbele na nyuma, sauti ileile niliyoisikia siku ile ya mchana. Maranda yalitoka membamba, ya rangi ya asali. Nikaokota moja nikanusa. Halikunukia chochote. Mzee naye aliokota akanusa, akanitazama kama mtu anayetaka nimwambie amekosea. Nikatikisa kichwa. Akapaka kalamu nta, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikawa na mwanga wake, akachomeka mrija wa wino.

Jumatatu tulikwenda kwa kadhi. Mimi nilikuwa shahidi, na shahidi wa pili alikuwa jirani yao wa bulla, yaani mtaa, wanakoishi. Binti alikaa upande wa wanawake. Kadhi alikuwa mtu mpole, amechoka, meza yake ina mguu mmoja mfupi. Nilijizuia nisimwambie.

"Mzee wangu," kadhi akasema, "una habari yoyote ya mwanao? Barua, salamu, mtu aliyemwona?"

"Sina."

"Umeuliza?"

"Nimeuliza kila lori."

"Unasema basi kwamba amekufa?"

Nje mtu alikuwa anamkemea punda. Kadhi akangoja, kalamu yake mwenyewe mkononi.

"Nasema simsikii tena," mzee akasema. "Zamani nilikuwa namsikia."

Kadhi akainamisha kichwa. Akasema hayo yanamtosha. Alipotaka kuandika, mzee akamwekea mezani kalamu ile ya rangi ya asali na damu. "Andika kwa hii." Kadhi akaandika. Mara ya kwanza wino haukutoka, akaipulizia pumzi, akaikung'uta, akajaribu kwenye kidole chake, ukatoka. Alipomaliza akaigeuza kwenye mwanga. Akauliza ni mti gani. Mzee akasema hajui.

Halafu akaichukua, akaenda upande wa wanawake, akamnyooshea binti.

"Aliyeiomba alitaka iandike ndoa yako," akasema. "Edda ikiisha, mpe sheikh aandike kwa hii. Haivuji."

Binti akaipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Adeer."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mzee akasema anakwenda kutawadha. Nilimwona nje, akijaza birika la plastiki kwenye bomba la ua wa kadhi, akaosha mikono, uso, miguu, taratibu, bila kuruka kitu. Akarudisha birika mahali pake, mdomo ukitazama ukuta kama alivyolikuta. Msikiti uko mkono wa kulia wa lango. Yeye alipotoka langoni akashika kushoto.

Nikamwita, "Fundi, msikiti ni huku."

Aliinua mkono bila kugeuka, jinsi mtu anavyokujibu kwamba amesikia. Nikadhani anakwenda dukani mara moja. Hakubeba kitu, miguu bado ina maji. Alipita mbuzi waliolala kwenye kivuli cha lori, akapisha mtu wa mkokoteni, akaendelea na barabara inayotoka mjini, ileile iliyomleta kwa lori, kwa mwendo wake wa kila siku, wala si wa haraka. Nikaingia kuswali. Nilipotoka barabara ilikuwa na watu wengine, na yeye hakurudi, si siku hiyo wala nyingine yoyote.